Kiraka chako cha kiendeshi cha mtandao kimekwama? Soma dalili, tafuta sababu

Viraka vingi (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kwa barua pepe) vya viendeshi vya mtandao, yaani programu zinazoendesha kadi za mtandao, vinavyokwama njiani kuelekea kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, havikwami kwa ubovu wa msimbo. Vinakwama kwa sababu msimamizi akifungua barua hapati upesi majibu ya maswali matatu: kiraka hiki ni cha mti gani (hazina ipi ya msimbo), kosa liliingia na badiliko lipi, na mwenye kadi hii anaumia nini likiachwa. Mwenye kutuma anaona ukimya au jibu la mstari mmoja, anadhani kazi yake imedharauliwa, anaacha. Hiyo ni hasara kubwa, maana hitilafu nyingi za kadi za mtandao huonwa na watu wachache tu wenye kifaa hicho mkononi.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Chini ya kila moja, sababu ya kawaida imetangulia na ya nadra iko mwisho. Anza na ukaguzi mwepesi hata kama una hakika tatizo ni zito.

## "Nimetuma, hakuna anayejibu"

Kabla ya kumlaumu mtu, hakikisha barua ilifika. Fungua lore.kernel.org/netdev, kumbukumbu ya netdev, yaani orodha ya barua pepe ya sehemu ya mtandao ya kerneli, tafuta kichwa cha barua yako. Isipokuwepo, hakuna binadamu aliyeiona, na tatizo liko kwenye barua pepe.

Mara nyingi barua ilitoka ikiwa na HTML, na orodha za kerneli huizuia. Programu nyingi za barua kwenye kivinjari au simu huongeza HTML bila kukuuliza. Sababu ya pili ni seva ya barua ya kazini, ambayo hubandika tangazo la usiri chini ya kila ujumbe au huzuia SMTP (njia ya kutuma barua) kabisa. Kiraka chenye tangazo la "ujumbe huu ni siri" hakipokelewi, kwa sababu kinapingana na leseni ambayo msimbo wenyewe unatolewa chini yake. Ukikwama hapo, tumia zana ya `b4`: ina njia ya kupitisha viraka kwenye seva ya kernel.org, ukishajisajili kwa `b4 send --web-auth-new`. Huhitaji kujiunga na orodha ili kutuma.

Barua ikiwepo, nenda patchwork.kernel.org, tovuti inayofuatilia viraka, mradi wa netdevbpf, usome hali ya kiraka. Wengi hawajui ukurasa huu, nao ndio unaojibu swali lao. `Changes Requested` maana yake mtu ameshajibu na unatakiwa kurekebisha. Angalia folda ya barua taka. `Awaiting Upstream` au `Not Applicable` maana yake kiraka kinapitia mti mwingine. Viendeshi vilivyo ndani ya `drivers/net/wireless` vina mti wao, wireless na wireless-next. Vya Ethernet vya Intel hupitia kwanza timu ya Intel, kwa alama ya `iwl-net` au `iwl-next`, vipimwe huko kisha visogezwe mbele, kwa hiyo huchukua muda zaidi. Ukiona `New` au `Under Review`, uko kwenye foleni.

Kwa kawaida kiraka cha netdev huangaliwa mara ya kwanza ndani ya saa 48. Kuandika "vipi, mmekiona?" kila baada ya siku mbili hakusaidii, msimamizi anahudumia mamia ya viraka na hali tayari iko wazi patchwork. Kiraka kikitoka kwenye foleni bila kupokelewa na bila maelezo, kitume upya ukieleza kwamba ni marudio.

Kagua pia uliwaandikia nani. Endesha `scripts/get_maintainer.pl` kwenye faili ya kiraka chenyewe, si kwenye jina la faili la kiendeshi tu, kwa sababu hapo kinasoma na mstari wa `Fixes:` na kumwongeza aliyeandika badiliko lililoleta kosa. Huyo ndiye mtu anayeelewa msimbo ule kuliko wote.

## "Wanasema kiraka hakiingii"

Ukaguzi wa kwanza: jitumie kiraka wewe mwenyewe, hifadhi barua ghafi, kisha ukijaribu kwa `git am` kwenye nakala mpya ya mti wa `net` (ule wa marekebisho). Kikikataa kwako, kitakataa kwa msimamizi.

Sababu inayoongoza ni kiraka kutengenezwa juu ya kerneli ya usambazaji fulani wa Linux, kama Ubuntu, au ya mtengenezaji wa bodi. Msimbo unafanana kwa macho lakini mistari ya jirani imeshabadilika. Hakuna njia ya mkato hapa: chukua mti wa `net` wa leo, weka rekebisho lako juu yake, lipime huko.

Sababu ya pili ni barua kuharibu nafasi. Fungua barua ghafi kwa `cat -A`. Mstari wa C ambao haujaharibika unaonyesha `^I` mahali pa Tab. Ukiona nafasi nane tupu badala ya `^I`, au mstari mrefu umekatwa ukawa miwili na nusu ya pili imeanza bila alama ya `+`, programu yako ya barua imekiharibu. Usinakili na kubandika kiraka. Kitengeneze kwa `git format-patch`, kitume kwa `git send-email` au `b4 send`.

Sababu ya nadra ni kwamba kiraka chako kinategemea kingine ambacho bado hakijaingia. Subiri kile kiingie. Kueleza utegemezi huo kwenye barua hakuiwezeshi roboti ya ukaguzi kukijaribu.

## "Nimeambiwa net-next imefungwa" au "mti si huu"

Netdev ina miti miwili. `net` hupokea marekebisho ya msimbo ambao tayari uko kwenye mti mkuu wa Linus Torvalds. `net-next` hupokea mambo mapya ya toleo lijalo. Kichwa cha barua lazima kitaje mti: `[PATCH net]` au `[PATCH net-next v2]`. Usipotaja, unamwachia mtu mwingine akisie.

Toleo jipya la kerneli likitoka, hufuata dirisha la kuunganisha la wiki mbili, na kwa muda huo `net-next` hufungwa mpaka rc1, toleo la kwanza la majaribio, itoke. Kutuma kitu kipya wakati huo ni kupoteza zamu yako, labda ukitume kama RFC kwa kutaka maoni tu. Mti wa `net` haufungwi, kwa hiyo rekebisho la kweli linaweza kwenda wakati wowote.

Hapa ndipo kishawishi kilipo: mtu ana kitu kipya, `net-next` imefungwa, anakiita rekebisho akipeleke `net`. Wasimamizi hulitambua hili mara moja. Kipimo ni rahisi: je, kuna mtumiaji anayeona kadi ikisimama, kerneli ikianguka, pakiti zikipotea au kumbukumbu ikivuja? Kama jibu ni hapana, ni la `net-next`. Na kama kosa liko kwenye msimbo uliomo `net-next` peke yake, rekebisho linakwenda hukohuko, likiwa na `Fixes:`.

## "Fixes: iko wapi?"

Rekebisho la `net` bila mstari huu hurudishwa karibu kila mara. Unaandikwa kwenye mstari mmoja hata ukiwa mrefu, kwa herufi 12 za kwanza za hashi (kitambulisho cha badiliko) na kichwa cha komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye git) ndani ya mabano na alama za nukuu. Weka `core.abbrev` iwe 12, kisha:

`git log -1 --format='Fixes: %h ("%s")' <hashi>`

Kosa la kawaida ni kuuacha, likifuatiwa na kutaja komiti isiyohusika. `git blame` inakuonyesha aliyegusa mstari mara ya mwisho, na mara nyingi huyo alibadilisha jina la kigezo tu au alihamisha faili. Rudi nyuma zaidi kwa `git log -S` ukitafuta maneno ya msimbo wenyewe, mpaka ufike pale tabia mbovu ilipoanza. Kama kosa lilikuwemo tangu kiendeshi kilipoingizwa, taja komiti iliyokiingiza. Na kama ni kongwe kuliko historia ya git yenyewe, iliyoanza 2005, basi ni `1da177e4c3f4 ("Linux-2.6.12-rc2")`. Utaiona mara nyingi kwenye viendeshi vya zamani.

Hakikisha hashi inatoka kwenye mti wa umma. Ya tawi lako la nyumbani au ya kerneli ya mtengenezaji haina maana kwa mtu mwingine yeyote.

Usiweke mstari mtupu kati ya `Fixes:` na `Signed-off-by:`. Jina na anwani kwenye `Signed-off-by:` vilingane na vya mwandishi wa kiraka.

Simama hapa kama msimbo uliuandika saa za kazi, au ulinakili sehemu kutoka kiendeshi cha mtengenezaji ambacho leseni yake huijui. `Signed-off-by:` ni tamko kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Muulize mwajiri au mwanasheria kabla ya kutuma.

## "Roboti imeweka nyekundu"

Soma jina la ukaguzi ulioshindwa kabla ya kugusa msimbo. `cc_maintainers` maana yake umemsahau mtu. `verify_fixes` maana yake hashi au kichwa cha komiti hakilingani. `checkpatch` ni mtindo, na si kila onyo lake ni amri. Likipingana na usomekaji, acha ulivyoandika, ueleze ukiulizwa. Onyo jipya la kukompaili ndilo lisilojadiliwa.

Yote haya unaweza kuyaona nyumbani: kompaili kwa `allmodconfig` ukiwa na `W=1`, pitisha sparse, zana ya kukagua msimbo, kwa `C=1`, endesha `checkpatch.pl --strict`. Sparse hukamata kosa linalopenda viendeshi vya mtandao, la kuchanganya `__le32` (nambari ya mpangilio wa baiti wa little-endian) na nambari ya mpangilio wa kichakataji. Kwenye x86 kiendeshi kinaonekana kizima, kwenye mashine ya big-endian (yenye mpangilio wa baiti uliogeuzwa) kinasoma urefu wa pakiti kinyume.

Jambo dogo la mtindo ambalo netdev hulishikilia: vigezo mwanzoni mwa kazi (function) hupangwa kutoka mstari mrefu hadi mfupi. Na usitume kiraka kwenye orodha ili roboti ikupimie. Kila barua yako inasomwa na watu.

## "Kwangu inafanya kazi, lakini mhakiki anasema nimehamisha tatizo"

Dalili hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi, na mhakiki huwa sahihi mara nyingi.

Sababu ya kwanza ni njia ya makosa, yaani kinachotokea pale jambo linaposhindikana. Chukua utumaji wa pakiti. `ndo_start_xmit`, sehemu ya kiendeshi inayotuma, inapokea skb (pakiti ilivyo ndani ya kerneli) na kuomba kwa `dma_map_single` anwani ya DMA, ambayo kadi huitumia kusoma kumbukumbu moja kwa moja. Kiendeshi cha zamani hakikagui jibu. Mtu anagundua, anaongeza `dma_mapping_error`, na likishindikana anaiachilia skb kwa `dev_kfree_skb_any` kisha anarudisha `NETDEV_TX_BUSY`. Inakompaili. Inapita majaribio ya siku nzima, kwa sababu DMA haishindikani kwa urahisi. Lakini `NETDEV_TX_BUSY` inaliambia tabaka la juu: sijaichukua pakiti hii, irudishe kwenye foleni. Tabaka linairudisha, na punde linatumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Kilichokuwa kosa adimu sasa kinaiangusha kerneli.

Sahihi ni kuongeza kihesabu cha pakiti zilizodondoshwa, kuiachilia skb, na kurudisha `NETDEV_TX_OK`. Jina hilo halimaanishi pakiti imefika. Linamaanisha kiendeshi kimeimiliki na tabaka la juu liisahau. Na kama pakiti ina vipande kadhaa na cha tatu ndicho kilichokataa, lazima uvue ramani ya viwili vya mwanzo pamoja na ya kichwa chake, na uache pete ya TX (foleni ya kutuma ya kadi) kama ulivyoikuta. Mhakiki atatafuta hasa mistari hiyo.

Sababu ya pili ni kulala mahali pasiporuhusu kulala. Ndani ya `ndo_start_xmit` au poll ya NAPI (njia ya kupokea pakiti kwa mafungu), `mutex_lock`, `msleep` na kuomba kumbukumbu kwa `GFP_KERNEL` havitakiwi. Washa `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` na kerneli itakuonyesha mstari wenyewe.

Sababu ya tatu ni kusubiriana. `ndo_stop`, kazi ya kuzima kadi, huitwa kufuli la rtnl (linalolinda mipangilio ya mtandao) likiwa limeshashikwa. Ukiweka humo `cancel_work_sync`, inayosubiri kazi ya nyuma iishe, na kazi hiyo nayo inahitaji `rtnl_lock`, kila upande utamngoja mwenzake milele. Unaweza kupima wiki nzima usilione, kwa sababu linategemea sekunde ambayo kazi ile imeanza. `CONFIG_PROVE_LOCKING` hulitangaza hata kama mashine haijaganda.

Ya nne ni mpangilio wa kubomoa. Katika `remove` (kazi ya kuondoa kifaa), anza na `unregister_netdev`, kisha bomoa kwa kinyume cha ulivyojenga katika `probe` (kazi ya kukianzisha). Angalia hasa mchanganyiko wa `devm_request_irq` na `free_netdev` ya mkono: intarapti ile (ishara ya kadi kwa kichakataji) huachiliwa baada ya `remove` kumalizika, wakati kumbukumbu ambayo intarapti inaitumia imeshaondoka.

Kwa hiyo, kabla ya toleo lijalo la kiraka chako, jenga kerneli yenye KASAN (inayokamata matumizi mabaya ya kumbukumbu), PROVE_LOCKING, DEBUG_ATOMIC_SLEEP na `CONFIG_DMA_API_DEBUG`, inayolalamika ramani isipokaguliwa. Pitisha mzigo wa `iperf3`, na huku unapita zima na kuwasha kiungo kwa `ip link`, badili ukubwa wa pete kwa `ethtool -G`, ondoa moduli na uirudishe. Njia za makosa zilazimishe kwa failslab, inayofanya maombi ya kumbukumbu yashindikane. Andika kwenye maelezo ya komiti ulipima nini na kwenye kifaa gani. Kama huna kifaa, sema wazi kwamba umekompaili tu; hilo si aibu, na humsaidia msimamizi kumtafuta mwenye kadi.

Simama hapa katika mambo matatu. Kama rekebisho linahitaji kuandika thamani kwenye rejista ambayo huna maelezo yake, au kugusa EEPROM (kumbukumbu ya kudumu) ya kadi kwa `ethtool -E`, waandikie kwanza wahandisi waliotajwa kwenye faili ya MAINTAINERS. EEPROM ikiharibika kadi inaweza isiamke tena. Kama mashine iko mbali na kadi hiyo ndiyo njia yako pekee ya kuifikia, usipime bila konsoli nyingine. Na kama umegundua kwamba pakiti kutoka nje inaweza kuiangusha kerneli au kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu, usitume hadharani. Andika kwa security@kernel.org pamoja na wasimamizi wa kiendeshi, kwa maandishi matupu, uwaachie waongoze. Barua ikishaingia kwenye orodha ya umma haifutiki.

## "Wamesema ni usafishaji tu"

Kusahihisha maonyo ya checkpatch kwenye kiendeshi kikongwe, au kukigeuza kitumie `devm_` bila sababu nyingine, netdev haikupokei kwa mikono miwili. Hatari ya kuvunja ni kubwa kuliko faida, na mara nyingi hakuna aliyebaki na kifaa cha kupimia. Usafishaji unakubalika ukiwa sehemu ya kazi kubwa zaidi kwenye kiendeshi hicho. Ikiwa nyuma ya usafishaji wako kuna hitilafu ya kweli, itenge peke yake, ieleze, ipeleke `net`.

## "Nimetuma toleo la pili, wamenikaripia"

Huenda hukusubiri. Netdev inataka saa 24 zipite kati ya toleo na toleo, ili walioko saa nyingine za dunia wapate kusoma. Au ulilituma kama jibu chini ya la kwanza; hapa toleo jipya huanza uzi wake mpya. Au ulituma kiraka kimoja tu kilichobadilika kati ya mfululizo wa vitano: tuma vyote upya. Mfululizo wenyewe usizidi viraka 15.

Orodha ya mabadiliko iweke chini ya mstari wa `---`, pamoja na kiungo cha toleo lililotangulia. Idhini ulizopewa, kama `Reviewed-by:`, zikusanye kwa `b4 trailers -u`, lakini ukibadilisha msimbo kwa kiasi kikubwa ziondoe na useme umeziondoa. Kubeba jina la mtu juu ya msimbo ambao hakuusoma huharibu uaminifu haraka sana.

Ukigundua kosa baada ya kiraka kupokelewa, usitume toleo jipya. Historia ya mti ikishatangazwa haibadilishwi. Tuma kiraka kidogo juu yake.

## "Kimepokelewa, lakini kerneli yangu ya stable bado ina kosa"

Kwanza angalia kama kimefika kwa Linus. Matawi ya stable (matoleo yaliyokwisha kutoka yanayopokea marekebisho tu) hayachukui kitu ambacho bado hakijaingia kwenye mti mkuu, na `net` hupelekwa huko kwa kawaida mara moja kwa wiki. Hapo subira ya siku chache inatosha.

Kama kimefika na bado, angalia kama uliweka `Cc: stable@vger.kernel.org`. `Fixes:` peke yake hufanya mara nyingi kiraka kichukuliwe, lakini si dhamana. Bado unaweza kuwaandikia timu ya stable ukitaja hashi ya komiti iliyo kwa Linus na matawi unayoyataka.

Mara nyingine kilijaribiwa kikakataa kuingia kwenye tawi la zamani, na ulitumiwa barua ya kiotomatiki inayoanza na `FAILED: patch`. Hiyo ni kazi yako. Chukua tawi husika, rekebisha migongano kwa mkono, upime tena kwenye kifaa kwa sababu msimbo wa jirani ni tofauti, kisha utume ukiwa na mstari `commit <hashi> upstream.` mwanzoni mwa maelezo, na kichwa kinachotaja namba ya tawi. Kama kwenye tawi hilo rekebisho linalazimisha kuvuta viraka vingine kadhaa vya kiini cha mtandao, ndani ya `net/core`, usivivute peke yako. Waulize wasimamizi wa netdev kwanza. Huenda wanajua rekebisho dogo zaidi kwa tawi lile, au watakushauri liachwe lilivyo.